Wadudu wa Kihamba (3): Nyigu Anayedhaniwa Sisimizi

Wiki iliyopita tulimwacha ruhuka, mdudu anayetoboa matunda ya kahawa, akiwa ndani ya tunda, akitaga. Leo tumfuate adui yake humo humo.

Chukua tunda jeusi lililokaukia mtini baada ya mavuno, lenye tundu dogo kwenye kitovu. Lipasue kwa kisu chembamba. Utakuta ungaunga wa punje iliyotafunwa na viluwiluwi weupe wasio na miguu. Hao ni watoto wa ruhuka. Ukibahatika, utakuta pia vifuko vyeupe vya hariri vimebanana pembeni, na kijidudu cheusi cha milimita mbili hivi kinachokimbilia gizani badala ya kuruka. Aliyezoea kihamba atasema ni sisimizi. Ni nyigu.

Kitaalamu anaitwa Prorops nasuta, jina alilopewa na James Waterston mwaka 1923 kutokana na vielelezo vya Uganda. Yumo katika familia ya Bethylidae, nyigu wenye kichwa bapa na mwili mrefu unaopenya kwenye vichochoro. Jike huingia kwa tundu lile lile la ruhuka, humuua mwenye nyumba, hula mayai na vitoto vidogo, kisha huwachoma wakubwa kwa mwiba wapooze na kuwatagia yai juu ya ngozi. Mtoto wa nyigu hunyonya kutoka nje, akishiba anasokota kifuko chake.

Kazi ngumu ni kumtofautisha na wenzake. Cephalonomia stephanoderis wa Afrika Magharibi, aliyeelezwa na Betrem mwaka 1961, ni mweusi vile vile na anaishi vile vile. Chini ya darubini, tazama uso: Prorops ana kipembe kinachochomoza mbele, juu ya mashina ya papasi, Cephalonomia hana. Wa tatu, Phymastichus coffea, alielezwa na John LaSalle mwaka 1990 kwa vielelezo vya Togo. Huyu ana milimita moja tu, na ni wa familia nyingine kabisa, Eulophidae. Hesabu vipingili vya wayo wake: vinne, wakati Bethylidae wana vitano.

Vipingili vya wayo vinamhusu nini mkulima wa Machame? Vinamhusu sana. Phymastichus hutaga ndani ya ruhuka mkubwa anapoanza tu kutoboa, punje ikiwa bado nzima. Prorops huja ruhuka akiwa na familia na punje imekwisha liwa. Anachopunguza ni ruhuka wa msimu ujao. Mwaka 1929 Prorops walichukuliwa Uganda wakapelekwa Brazil. Wakazoea, wakazaliana, ila ruhuka hawakummaliza. Kwa maoni yangu, anayewasifu nyigu hawa bila kusema ni yupi anauza mbuzi kwenye gunia.

Kujua ni yupi aliye wapi kunahitaji vielelezo, na wadudu wa Mlima Kilimanjaro walianza kukusanywa kwa mpango zamani. Yngve Sjöstedt wa Sweden alikuwa hapa mwaka 1905 na 1906, na sehemu kubwa ya kazi aliifanyia Kibong'oto, ambako leo tunakujua kwa hospitali ya kifua kikuu. Ndiyo maana wadudu kadhaa duniani wanaitwa kibonotensis. Lebo zake zilitaja mahali na mwinuko, na mwinuko una uzito zaidi sasa: watafiti waliandika mwaka 2011 kwamba ruhuka wa Kilimanjaro wamepanda mita zipatazo 300 katika miaka kumi. Nyigu asiye na mwinuko kwenye lebo hawezi kutuambia kama anamfuata.

Kwa hiyo, kabla ya kufukia masalia ya mavuno (na yafukiwe, ushauri huo ni sahihi), pasua matunda machache. Ukimpata nyigu, mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti pamoja na ruhuka wa tunda hilo hilo. Tia na kipande cha karatasi chenye kijiji, mwinuko, tarehe na aina ya kahawa, na uandike kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.

Itaendelea: kimatira na mayai yake.