Mabasi ya umeme: Kasi ya chaja na mzigo wa stima

Mnamo Machi 2018, mabasi 100 ya umeme yalianza kuhudumu katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, na viunga vyake. Kwa vile baadhi ya safari hizo huendelea usiku na mchana, basi haliwezi kuegeshwa kutwa likichajiwa. Chaja ya kilowati 30 huchukua takriban saa sita kujaza betri ya kilowati-saa 170. Ile ya kilowati 450, chini ya nusu saa.

Hata hivyo, chaja kumi za kasi zikitumika pamoja huvuta megawati 4.5. Kwa uwanja wa JKIA, uliotumbukia gizani Agosti 2023 umeme ulipopotea nchini, funzo ni wazi: umeme wa uhakika sharti utangulie chaja.