Upimaji wa Usugu wa Bakteria wa Ukoma dhidi ya Dawa: Mtazamo kutoka Hombolo, Dodoma

Katika eneo la Hombolo, jijini Dodoma, makazi ya Samaria yanajulikana kuwa ya watu waliougua ukoma na familia zao. Kwa utafiti wa usugu wa bakteria, mahali hapo panaibua swali lisilojibiwa na maabara ya kawaida: dawa hupimwaje dhidi ya bakteria asiyeotesheka?

Kwa bakteria wengi, upimaji ni kazi ya siku mbili tatu. Sampuli huoteshwa kwenye kisahani, vipande vya karatasi vyenye dawa huwekwa juu yake, kisha upana wa eneo lisiloota hupimwa kwa milimita. Mycobacterium leprae, aliyetambuliwa na Hansen mwaka 1873, hajawahi kuoteshwa hivyo, na hugawanyika mara moja tu katika siku 12 hadi 14.

Mwaka 1960 Shepard alionyesha kuwa bakteria huyo huongezeka katika unyayo wa panya. Panya hudungwa bakteria wapatao 5,000, hulishwa chakula chenye dawa kwa viwango tofauti, na baada ya miezi kadhaa bakteria huhesabiwa. Wakiwa wameongezeka ilhali panya amekula dawa, usugu umethibitika. Kwa njia hiyo Pettit na Rees walithibitisha usugu dhidi ya dapsoni nchini Malaysia mwaka 1964. Tatizo hilo lilichangia Shirika la Afya Duniani kupendekeza, mwaka 1981, matibabu ya dawa mseto: rifampisini, dapsoni na klofazimini.

Siku hizi husomwa jeni: rpoB kwa rifampisini, folP1 kwa dapsoni, gyrA kwa ofloksasini. Panya alihitaji bakteria hai. Jeni husomeka hata kwa bakteria aliyekufa. Hivyo kipande cha ngozi kinaweza kusafirishwa kutoka Hombolo bila barafu, kikiwa ndani ya ethanoli ya asilimia 70. Faida hiyo ina gharama yake, kwani badiliko lililo nje ya sehemu inayosomwa halionekani.

Madoa yakirudi baada ya dozi ya miezi 12, huenda kuna usugu, huenda kinga ya mwili inapambana na mabaki ya bakteria waliokufa, au huenda vidonge havikumezwa ipasavyo. Dhana ya mwisho ndiyo nyepesi kutamkwa, nayo humwangukia mgonjwa. Ni vema, basi, kipimo kitangulie dozi ya pili: rpoB ikiwa imebadilika, rifampisini huachwa, na mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2018 huelekeza klofazimini pamoja na dawa mbili za akiba kwa miezi 6, kisha klofazimini na moja kati ya hizo kwa miezi 18.