Kiwavi Mla Konokono: Tatizo la Kuunda Jina kwa Kitenzi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina la kiumbe, linapoundwa kwa kitenzi, sharti limwelekee mtenda halisi. Mfano wetu ni nondo mdogo wa visiwa vya Hawaii, Hyposmocoma molluscivora.

Mwaka 2005, Daniel Rubinoff na William Haines walieleza katika jarida la Science tabia ya mdudu huyu wa kisiwa cha Maui. Viwavi walio wengi mno hula mimea. Wa nondo huyu hula konokono. Hutembea na kifuko alichokisokota kwa hariri yake mwenyewe. Akimkuta konokono ametulia juu ya jani, humfunga kwa nyuzi za hariri, kama buibui afungavyo windo lake, kisha hupenya ndani ya gamba na kumla.

Neno la pili la jina lake la kisayansi lina maana ya ‘mla moluska’. Je, kwa Kiswahili aitweje? ‘Nondo wa konokono’ halitufai, kwani kihusishi -a hakibainishi kama anafanana na konokono, anaishi naye au anamla. ‘Nondo mla konokono’ ni bora kwa umbo: nomino ‘mla’ hubeba yambwa yake moja kwa moja, kama katika methali ‘Mla mbuzi hulipa ng’ombe’, ilhali ‘mlaji’ huweza kusimama peke yake. Hata hivyo, jina hili lampa nondo tendo lisilo lake. Anayewinda ni kiwavi.

Kiswahili kina maneno mawili kwa hatua hizo mbili, nasi yafaa tuyatumie: kiwavi mla konokono, wingi wake viwavi wala konokono.

Si suala la mdudu mmoja. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 350, zote za Hawaii. Mwaka 2025 ilitangazwa nyingine ya kisiwa cha Oahu, ambayo kiwavi chake huishi katika utando wa buibui na kujivika mabaki ya wadudu. Waingereza na Wamarekani wamekiita ‘mkusanya mifupa’, ingawa wadudu hawana mifupa. Mfasiri akilifuata neno kwa neno, atarithi kosa. Akiitazama tabia yenyewe, atapata ‘kiwavi mvaa mabaki’.

Vivyo hivyo, mtunga kamusi asimfafanue kiwavi kwa chakula chake, bali kwa umbo na hatua yake ya ukuaji.