Mbavu za nguruwe: Usiharakishe ovena

Mabeshte wanakuja Jumamosi na mfuko umekauka? Nunua kilo moja na nusu ya mbavu buchani, upike mwenyewe.

Kwanza bandua ule utando mweupe ulio upande wa mifupa. Ukiuacha, utatafuna kama mpira. Paka chumvi, pilipili manga, tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa. Weka kwenye friji usiku kucha.

Kesho yake funika kwa foili, oka kwa nyuzijoto 150, saa mbili na nusu. Wengi huteleza hapa: wanaongeza moto, nje inaungua, ndani mbichi. Na nguruwe mbichi ni hatari, usiwalishe wageni.

Zikilainika, funua, paka asali na ndimu, pandisha hadi 220 kwa dakika 10. Mfupa ukichomoka wenyewe, ita watu mezani.