Kilo moja unusu kwenye matatu ya Kesses

Matatu ya Kesses huondoka Eldoret ikishajaa, na abiria wake 14 hawapandi mikono mitupu. Anayekwenda bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, mwendo wa kilomita 35 hivi, ana dakika chache za kuamua begi lake likae wapi: mapajani, chini ya miguu, au kule nyuma palipobanwa kuku na magunia ya viazi. Mwenye madaftari na sweta hana la kuwaza. Mwenye kipakatalishi cha gemu anaanzia hapo hesabu ambayo muuzaji hakumpigia dukani.

Mashine hizi, ambazo mtaani kila mtu anaziita laptopu, zina zamu mbili. Mchana ni insha, michoro ya uhandisi na kazi za programu; usiku ni EA Sports FC, GTA V au Counter-Strike 2. Kinachozitenga na laptopu ya kawaida ni kadi ya michoro, kile kipande kinachochora upya picha nzima ya mchezo mara 60, hata mara 144, kwa kila sekunde. Kadi hiyo hula umeme na kutoa joto, joto nalo hudai nafasi ya kupumulia. Ndiyo maana kwa miaka mingi laptopu ya gemu ilikuwa bamba zito.

Uzito huo ulifikia kiwango cha kichekesho mwaka 2017, kampuni ya Acer ilipotoa Predator 21 X: skrini ya inchi 21 iliyopinda, zaidi ya kilo 8, chaja mbili na bei ya dola 8,999. Neno kipakatalishi lina kupakata ndani yake, kama mama anavyompakata mtoto. Huyo wa Acer hakuwa mtoto wa kupakatwa.

Wapo waliojaribu njia ya pili, ya udogo, mapema. Mwaka 2010 Alienware, chapa ya Dell, ilitoa M11x yenye skrini ya inchi 11.6 na uzito wa kilo 2 hivi. Ilipendwa, lakini prosesa yake ilikuwa dhaifu na wengi waliichukulia kama kioja. Kilichobadilisha mambo kilitokea Januari 2020 huko Las Vegas, kampuni ya ASUS ya Taiwan ilipoonyesha Zephyrus G14: inchi 14, kilo 1.6, betri ya wati-saa 76, na prosesa ya AMD Ryzen yenye nguvu iliyokuwa imezoeleka kwenye mashine nene. Walisahau kitu kimoja tu, au tuseme walikiacha kwa makusudi: kamera. Miezi miwili baadaye dunia ikajifungia ndani na mihadhara ikahamia kwenye skrini. Kamera ilirudishwa kwenye matoleo ya baadaye, Razer nao wakaleta Blade 14 mpya mwaka 2021, na laptopu ndogo ya gemu ikaacha kuwa kioja.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo ana vitu viwili mbele yake. Upande mmoja kuna mashine kama ROG Strix Scar 18 ya ASUS ya mwaka 2024, kilo 3.1 kabla ya kuhesabu chaja yake ya wati 330, ambayo nayo ni tofali. Upande wa pili kuna inchi 14, kilo 1.5 hadi 1.8. Mara nyingi jicho huenda kwenye kibandiko cha kadi ya michoro, na hapo ndipo watu hupotea.

RTX 4060 iliyo ndani ya laptopu nyembamba na RTX 4060 iliyo ndani ya laptopu nene zina kibandiko kimoja, ila hazina kasi moja. Nvidia, wanaotengeneza kadi hiyo, humruhusu mwenye kiwanda cha laptopu kuilisha umeme wowote kuanzia wati 35 hadi 115. Wakenya hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Tangu sheria za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zianze kutekelezwa mwaka 2004, matatu yenye injini ya kukimbia kilomita 140 kwa saa hufungwa kidhibiti mwendo ikaishia 80. Laptopu nyembamba ni hiyo hiyo: injini moja, kidhibiti tofauti. Zamani Nvidia waliziita kadi zilizopunguzwa kasi kwa jina la Max-Q, mtu akajua anachonunua. Mwaka 2021 jina hilo likaacha kuwa alama ya tofauti hiyo, na viwanda vikatakiwa vichapishe wati zenyewe. Huchapishwa, ndiyo, lakini si kwa maandishi makubwa kama ya bei.

Mpaka hapo inaonekana mwenye mashine ndogo amepunjwa. Sivyo kabisa. Ili kadi ikimbie zaidi lazima volti zipandishwe, na umeme unaoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti hizo. Kipande cha mwisho cha kasi ndicho cha gharama kuliko vyote, kama dereva anayetoka 80 hadi 120 na kushangaa mafuta yalikokwenda. Kwa sababu hiyo wati zikikatwa nusu, kasi haikatiki nusu. Skrini ndogo nayo inasaidia. Picha ya 2560 kwa 1600 ina nukta milioni 4.1 za kuchorwa. Ya 1920 kwa 1200 ina milioni 2.3. Kwenye inchi 14 mchezaji anaweza kushuka kwenye hiyo ya pili na jicho lisilalamike sana. Kwenye inchi 18 ukungu utaonekana.

Kisha kuna stima, na hapa ndipo hesabu ya Eldoret inapoachana na ya wakaguzi wa mashine wa London. Tuchukue mashine kubwa inayovuta wati 300 mchezo ukipamba moto, na ndogo inayovuta 100. Mwenye kubwa akicheza saa tatu kila usiku kwa siku 30 atakuwa amemaliza yuniti 27 za tokeni. Mwenye ndogo, yuniti 9. Tangu Aprili 2023, bei nafuu kabisa ya stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya wanaotumia wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Maana yake gemu peke yake, kabla ya taa, simu, redio na birika la chai, inakaribia kumsukuma komredi wa bedsita nje ya kiwango hicho. Muuzaji hataji hayo. Kwani tokeni atanunua yeye?

Stima yenyewe pia hupotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, lakini si lazima nchi nzima izime. Mvua nzito ya alasiri inatosha kuzima mtaa. Eldoret kupewa hati ya jiji mnamo Agosti 2024, la tano nchini, hakukubadilisha mvua wala nguzo. Stima ikikatika, mashine kubwa hugeuka pambo haraka kuliko ndogo, na sababu yake inachekesha: ndege. Kanuni za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba betri ya hadi wati-saa 100 bila kibali cha shirika, kwa hivyo watengenezaji hugota kwenye 99. Laptopu kubwa ina tumbo la mara tatu na tangi linalokaribia kuwa sawa na la mdogo wake. Hata hivyo asidanganyike mtu: kucheza kwa betri ni starehe fupi kwa zote mbili. Wati-saa 76 zikiliwa kwa wati 80 hazimalizi saa moja. Tofauti iko kwenye kazi ya mchana. Insha inayotakiwa kesho asubuhi itaandikwa kwa saa kadhaa kwenye mashine ndogo, na nyingi kati ya hizo hukubali kuchajiwa kwa tundu la USB-C, ikiwemo kwa pawabenki yenye nguvu. Chaja ya wati 330 haina mbadala wa namna hiyo.

Mji huu una jambo lake jingine ambalo halimo kwenye vitabu vya maelekezo. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kwa tano kuliko ya Mombasa. Hewa hiyo inayosifiwa kwa kukomaza mapafu ya wakimbiaji haiipendelei feni ya laptopu, maana feni ikizunguka mara moja husukuma hewa pungufu na kuondoa joto pungufu. Ila hewa hiyo ni ya baridi. Mombasa feni hupuliza hewa nzito yenye digrii 30 na zaidi. Eldoret hupuliza hewa nyepesi jioni ambayo mchezaji mwenyewe amevaa sweta. Kwa jumla mwenye mashine nyembamba huku juu hana sababu ya kuogopa kuliko mwenzake wa pwani, mradi asiiweke juu ya blanketi na kuziba matundu yake ya chini.

Lakini feni hizo ndogo hupiga kelele, tena nyembamba, kama mbu aliyesoma. Anayeishi na mwenzake chumba kimoja pale Annex au Chepkoilel atanunua na spika za masikioni.

Mashine kubwa zina haki zake, na asiyezitaja anauza. Kwa pesa zile zile, laptopu nene ya inchi 15.6 kama HP Victus au Acer Nitro 5, ya kilo 2.3 hadi 2.5, mara nyingi itaishinda ndogo kwa kasi. Ina matundu mengi zaidi, kibodi pana, na kwa kawaida fundi anaweza kuifungua akaongeza kumbukumbu ya RAM. Baadhi ya ndogo hazikubali: G14 ya mwaka 2024 ina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, kwa hiyo anayenunua yenye gigabaiti 16 atakaa na hizo 16 hadi mwisho. Anayehariri video kutwa, au anayechora majengo kwa pande tatu na haondoki mezani, hana haja ya kulipia wepesi asioutumia. Kwa kweli mtu huyo angenunua kompyuta ya mezani.

Kuna dhana moja ya kuondolewa, kwamba mashine kubwa huondoa kukwama mchezoni mtandaoni. Seva rasmi za Counter-Strike 2 zilizo karibu zaidi na Kenya ziko Johannesburg na Dubai. Risasi ya mchezaji wa mtaa wa Kapsoya, Eldoret, lazima isafiri hadi huko na jibu lirudi, awe na kadi ya wati 35 au 150.

Mwenye chumba kimoja cha kudumu na safari nyingi ana ujanja wa tatu: mashine ndogo begini, na nyumbani kebo ya HDMI inayoingia kwenye skrini kubwa iliyotumika. Bei ya jumla hupanda kidogo, mgongo ukapona.

Bidhaa zilizotumika, zile zinazoitwa ex-UK, ndizo mlango wa wengi, na dukani kuna mambo ya kukagua kabla ya pesa kutoka kwa simu. Mchezo uwashwe kwa dakika 20, si mbili, maana mashine nyembamba hukimbia vizuri ikiwa baridi na kupunguza mwendo ikipata moto. Kwenye paneli ya Nvidia, sehemu ya taarifa za mfumo, pameandikwa wati za juu za kadi. Hapo ndipo kibandiko hukubaliana au kukosana na ukweli. Amri ya powercfg /batteryreport kwenye Windows hutoa ripoti ya betri: ilizaliwa na wati-saa ngapi na sasa inabeba ngapi. Iliyotoka 76 ikashuka hadi 45 si sababu ya kuikataa, ni sababu ya bei kushuka.

Mwisho ni chaja, ambayo wengi huitazama kama kamba tu. Si ajabu laptopu iliyotumika kuja na chaja isiyo yake. Mashine inayotaka wati 180 ikipewa chaja ya 65 inaweza kuwaka na kuonyesha kuwa inachaji, kisha katikati ya mchezo ikazembea na betri ikaanza kushuka huku waya umechomekwa. Nyuma ya chaja, kwa herufi za kusomwa na tochi ya simu, kuna volti na ampea. Zizidishwe. 20 mara 9 ni 180, 19.5 mara 3.33 ni karibu 65, na hiyo ni ya laptopu ya ofisini.