Simama! Kiganja cha Wasichana Watatu wa Detroit

Hapana askari asiyejua maana ya kiganja kilichoinuliwa. Mkono ulionyoshwa mbele, vidole vimeshikamana, kiganja kikimtazama mtu usoni, ni amri, na amri hiyo haihitaji mkalimani. Trafiki anayesimama kwenye mzunguko wa Custom hapa Juba wakati wa jioni, malori ya kutoka Uganda yakimjia upande mmoja na bodaboda zikimjia pande zote zilizosalia, hana chombo kingine kilicho bora kuliko hicho.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, habari za kiganja kimoja cha namna hiyo ambacho hakikuinuliwa na askari yeyote. Kiliinuliwa na wasichana watatu waimbaji mbele ya kamera za televisheni huko Uingereza, mwezi Machi 1965. Tangu siku hiyo, mahali popote wimbo ule upigwapo, watu huinua mikono yao bila kuambiwa, hata wale ambao hawakuwa wamezaliwa.

Wasichana hao walikuwa Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard, na kundi lao liliitwa The Supremes. Walikulia Detroit, mji wa viwanda vya magari nchini Marekani, katika majumba ya serikali ya Brewster-Douglass. Kampuni iliyowatoa ni Motown, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Berry Gordy, na hapa askari wetu watege masikio. Gordy aliitwa jeshini mwaka 1951, akapelekwa Korea, akaachiliwa mwaka 1953. Baadaye akafanya kazi katika kiwanda cha magari ya Lincoln-Mercury, akashuhudia vyuma vitupu vikiingia mwanzo wa mstari na gari zima likitoka mwisho wake. Alipokopa dola 800 kwa jamaa zake ili aanze biashara, aliiendesha kampuni yake vivyo hivyo: watunzi mahali pao, wapiga vyombo mahali pao, Bibi Maxine Powell akiwafundisha vijana adabu ya kutembea, kuketi na kusema mbele za watu, na Cholly Atkins akiwafundisha hatua za jukwaani. Waandishi wengi husema kuwa Motown ilijengwa kwa mfano wa kiwanda. Sisi tunaona kuwa jeshi nalo limo humo, ila wasiovaa sare hawalitambui.

Wimbo wenyewe unaitwa Stop! In the Name of Love, yaani mtu anaombwa asimame kwa jina la upendo. Waliutunga ndugu wawili, Brian na Eddie Holland, pamoja na mwenzao Lamont Dozier. Dozier alisimulia kuwa maneno hayo yalimtoka kinywani katikati ya ugomvi na mwanamke. Alitaka ugomvi ukome, akatamka ombi hilo la ajabu, na hasira zikageuka kicheko. Sahani ilitolewa tarehe 8 Februari 1965. Ilipofika tarehe 27 Machi ilikuwa ya kwanza katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa sana Marekani, ikakaa hapo wiki mbili. Ulikuwa wimbo wao wa nne mfululizo kufika kileleni.

Watu wa televisheni hawakuwa wageni kwao. Tarehe 27 Desemba 1964 walikuwa wamekwisha kuonekana katika kipindi cha Ed Sullivan, kilichotazamwa na familia za Marekani kila Jumapili usiku, na tarehe 24 Februari 1965 waliuimba wimbo huo mpya katika kipindi cha Shindig. Lakini habari tunayoitafuta ilitukia London. Mwezi Machi Gordy aliwavusha bahari waimbaji wake kwa ziara ya Uingereza. Ziara hiyo haikuwa na mapato mazuri. Kumbi nyingi zilikuwa na viti vitupu. Hata hivyo mwimbaji Mwingereza Dusty Springfield, aliyeupenda sana muziki huo, alikuwa mwenyeji wa kipindi maalumu cha Ready Steady Go! kilichopewa Motown peke yake. Kilirekodiwa tarehe 18 Machi na kuonyeshwa tarehe 28 Aprili 1965. Waliokosa kwenda ukumbini waliwaona nyumbani.

Inasimuliwa kuwa, muda ulipokaribia, wasichana walikuwa na wimbo lakini hawana la kufanya na mikono yao. Wenzao wawili wa kundi la The Temptations, Paul Williams na Melvin Franklin, wakawachukua nyuma ya jukwaa na kuwafundisha papo hapo: mkono mmoja kiunoni, mwingine unyoshwe mbele kama wa polisi anayesimamisha magari. Basi. Hapakuwa na la ziada.

Yafaa msomaji aliyepitia kwata aitazame picha ile kwa jicho la sajini. Kwanza, mkono hauinuliwi ovyo katikati ya wimbo. Huja pamoja na neno la amri, wala haulitangulii, wala haulifuati. Pili, wote watatu huuinua kwa kimo kimoja. Tatu, na hili ndilo wengi hawalioni, kabla ya mkono kuinuka upo utulivu. Mwili hutikisika kwa mapigo ya ngoma, kisha ghafula sehemu moja tu hutengana na nyingine na kusimama wima. Kama wangekuwa wakirusha mikono muda wote, kama wafanyavyo waimbaji wengi wa siku hizi, kiganja kile kisingeonekana. Kila mkufunzi aliyewahi kumpigia kelele kuruta anayetikisa mabega wakati wa mguu sawa anaelewa tunasema nini. Nne, nyuso zao hazina ukali. Wanasimamisha mtu bila kumtisha.

Jambo hili la nne latulazimu kutaja tukio jingine la mwezi huo huo, nalo pia lilionekana katika televisheni. Tarehe 7 Machi 1965, katika mji wa Selma, jimbo la Alabama, waandamanaji weusi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walivuka daraja la Edmund Pettus. Mbele yao walikuta askari wa jimbo wamejipanga. Afisa aliyewaongoza askari hao aliwaamuru waandamanaji watawanyike, akawapa dakika mbili. Dakika mbili hazikutimia. Askari waliwaingilia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, na jioni ile ile picha ziliingia majumbani mwa Wamarekani. Aibu ya picha hizo ilisukuma mbele sheria ya haki ya kupiga kura iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965.

Hatusemi kuwa wimbo wa mapenzi na msiba wa Selma ni mambo ya uzito mmoja. Twasema kuwa katika mwezi mmoja chombo kile kile cha televisheni kilirekodi amri mbili za kusimama. Moja ilitolewa na wenye silaha, nayo hawakuipa nafasi ya kutiiwa. Nyingine ilitolewa na wasichana wenye magauni mazuri, nayo ingali inatiiwa.

Kabla hatujarudi barabarani, yafaa ikumbukwe kuwa sifa za wasichana hao zilifika hata huku. Mwaka 1971, nchi ya Sudan ikiwa bado moja, lilitokea kundi la dada watatu wa ukoo mmoja wa Kinubi: Amal, Hadia na Hayat Talsam. Waliitwa Al Balabil, na miongoni mwa waliowalea kimuziki alikuwa mtunzi na mpiga udi Bashir Abbas. Sauti tatu za kike, mavazi ya namna moja, hatua zilizopangwa: haikuchukua muda watu wakawaita The Supremes wa Sudan, na jina hilo likawafuata hadi Ethiopia na Somalia. Baada ya mapinduzi ya tarehe 30 Juni 1989 serikali mpya ya Khartoum iliwabana wanamuziki, na wengi walihama nchi.

Wala si Khartoum peke yake. Mwezi Novemba 1969 wakuu wa mkoa wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul madansini kwa hoja kwamba waharibu adabu ya vijana. Ubishi mkubwa ulizuka katika magazeti ya huko, na wako vijana waliouliza kwa nini muziki wa watu weusi wa Marekani uitwe wa kigeni kuliko dansi za Wazungu zilizoachwa. Twadhani swali lao lilikuwa na haki yake. Mtu aliyemtazama Bibi Powell akiwanyosha migongo wasichana wa Detroit hangesema kuwa muziki ule haukuwa na adabu.

Sasa turudi Juba. Ndugu zetu wa Tanzania huuita mzunguko wa barabara kipilefti, jina ambalo hapa kwetu lingempoteza mtu, kwa sababu sisi twashika upande wa kulia tangu Sudan ilipobadili mwaka 1973. Dereva atokaye Gulu au Nairobi hushika kushoto mpaka Nimule, kisha hubadilisha upande mpakani, na usukani wake hubaki kulia kama ulivyotoka kwao. Ongeza lugha. Katika kizuizi kimoja cha barabarani huweza kukutana Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande, Kiswahili na Kiingereza. Dereva aliyechoka, dirisha limefungwa, injini inanguruma, hasikii neno. Anachokiona ni mkono.

Na mikono yetu, tuseme kweli, mara nyingine haisemi jambo moja. Askari mmoja ainua kiganja, mwenzake aliyeketi kivulini apunga kama anayefukuza nzi, wa tatu ashika bunduki bila kuonyesha ishara yoyote. Dereva asite: apite au asimame? Akisita, askari huona dharau. Akisogea, askari huona hatari. Katika nchi iliyopita vita tulivyovipita, mwendo wa hatua tatu za gari waweza kumgharimu roho mtu asiye na kosa, ama dereva ama askari mwenyewe. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwani kiganja kisicho na tochi hakionekani.

Ndiyo maana tunapendekeza, wala si mzaha, kwamba wakufunzi wa chuo cha polisi cha Rajaf na wale wa kambi zetu wawaonyeshe makuruta picha za London za 1965. Wimbo hauzidi dakika tatu. Makuruta na waulizwe: nani anatoa ishara? Wangapi wanaitoa? Inaanza lini, inashushwa lini? Kisha watoke uwanjani watatu watatu, wafanye hivyo hivyo mbele ya gari linalokwenda polepole, mmoja akiwa ndiye mwenye mkono na wawili wakimfuata yeye tu. Tunajua wapo maafisa watakaocheka. Na wacheke, nasi tutasubiri waone gari linavyosimama.

Mambo hayakuwaendea vyema wasichana wote watatu. Florence Ballard, ambaye ndiye aliyelianza kundi, aliondolewa mwaka 1967, akafariki mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 32 tu. Diana Ross aliondoka mwaka 1970 akafuata njia yake. Mary Wilson alibaki mpaka kundi lilipovunjika mwaka 1977. Alifariki tarehe 8 Februari 2021, miaka 56 kamili tangu sahani ile itolewe.

Katika miaka yake ya uzeeni Bibi Wilson alikuwa msemaji wa kazi ya kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini, na habari hii yatuhusu sisi kuliko zote, kwani ardhi yetu ingali ina mabomu yaliyoachwa na vita. Wategua mabomu, wakisha kupima eneo, hupanga mawe kando ya njia na kuyapaka rangi: upande mwekundu huelekea kwenye hatari, upande mweupe huelekea mahali pa kukanyaga. Mchunga ng'ombe asiyejua kusoma hufika hapo, akaona wekundu, akasimama.