Nani Anasimamia Madishi ya Mji Mkongwe?

Madishi ya Mji Mkongwe hayaelekei upande mmoja. Mawimbi ya televisheni ya kulipia ya DStv huyashukia mapaa yetu karibu wima, kwani setilaiti yake iko longitudo ya nyuzi 36 mashariki, jirani na utosi wa Unguja. Ya mshindani wake, Azam, hutokea magharibi, kwa mwinuko wa nyuzi 52 hivi, maana setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki. Ndiyo sababu kwenye vichochoro vya Mkunazini, palipobanana maghorofa, fundi hupanda juu kabisa kulitafuta anga la magharibi.

Setilaiti hizo ziko kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Hakuna afisa wa forodha awezaye kuyazuia mawimbi yake bandarini. Kilicho mikononi mwa serikali ni leseni, na kwa Zanzibar leseni ina wasimamizi wawili. Katiba ya Muungano imeitaja posta na simu miongoni mwa mambo ya Muungano, lakini haikuutaja utangazaji. Kwa hiyo masafa yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na utangazaji uko kwa Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Mgawanyo huo ni wa haki: visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi miongo miwili kabla Bara haijapata televisheni yoyote.

Ugumu ulijitokeza Agosti 2018. TCRA iliziagiza Azam, DStv na mwenzao Zuku ziondoe chaneli za ndani za bure, kwa hoja kwamba leseni zao za setilaiti za kulipia haziwaruhusu kuzibeba; wajibu huo ulikuwa wa ving'amuzi vya antena, vinavyopokea mawimbi ya minara. Kwa maandishi ya leseni, TCRA ilikuwa sahihi. Kwa mtazamaji, haikutosha. Mawimbi ya mnara hufifia kadiri unavyouacha mnara, tena hukatwa na majengo. Ya setilaiti, ingawa mvua kubwa ya masika huyadhoofisha mpaka picha ikaganda, humfikia wa Nungwi na wa Makunduchi sawasawa na wa Shangani.

Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC) linaendeshwa kwa fedha za umma. Basi TCRA na Tume ziandike sharti moja katika leseni zote, za mnara na za setilaiti: chaneli za umma zionekane kwenye kila king'amuzi, hata kifurushi kikiisha.